Pazia la Ukuta wa Mjini

Mtaa mzima ulimwita Sindano tangu akiwa binti mdogo, na sababu zilikuwa mbili: alikuwa mwembamba, na alichoma. Ukimwambia jambo lisilomwingia akilini alikuuliza kwa nini, ukimjibu akakuuliza tena kwa nini, mpaka unajuta kufungua mdomo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, basi jina likamkaa sawasawa. Sasa ni mtu mzima, kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, na ana mvi chache anazozing'oa akidhani hatuzioni.

Na huyu huyu Sindano, bingwa wa maswali, ndiye aliyekaa karibu mwaka mzima akidanganya watu nyuma ya pazia. Pazia kweli, sitii chumvi. Lilikuwa la kijivu, limetundikwa kwenye waya nyuma ya kiti chake, katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Upande mmoja wa chumba kile palikuwa na meza ya kompyuta. Upande wa pili cherehani, pasi, na makoti ya watu yaliyokatwa mikono yakisubiri kushonwa. Kwenye pazia alibandika saa na picha ya ua jekundu. Akiwasha kamera, wenzake kazini waliona ukuta ule ule waliouzoea alipokuwa akiishi jiji kuu. Nani angefikiri kwamba ukuta unaweza kukunjwa na kupigwa pasi?

Kampuni yake haikuwa na ofisi huku kwetu. Kila mtu alifanya kazi nyumbani kwake, na asubuhi walikutana kwenye kioo cha kompyuta, kila uso na kisanduku chake. Walitengeneza programu ya maghala ya dawa ya hospitali. Ile sehemu inayomwambia mwenye ghala kwamba dawa fulani itakwisha kabla haijakwisha, aliiandika Sindano mwenyewe, na ikiumwa yeye ndiye daktari wake.

Sasa sikiliza jinsi mishahara ilivyopangwa. Kampuni iligawa dunia kwa kanda. Kanda ya kwanza ni ng'ambo, kwenye makao makuu. Ya pili ni jiji kuu la huku kwetu. Ya tatu waliipa jina moja tu, "Kwingineko," na huko Kwingineko ndiko alikozaliwa Sindano. Kazi ile ile, saa zile zile, lawama zile zile programu ikianguka. Lakini ukihama kutoka jiji kuu kwenda Kwingineko, karibu nusu ya mshahara inabaki njiani. Wapo waliotaka kurudi makwao wakashindwa. Mmoja alikuwa Mtani, mwenzake mcheshi ambaye mke na watoto wake wanaishi mji mdogo wa mbali. Aliomba kuhama, akaonyeshwa hesabu, akameza mate machungu na kubaki jijini kuwa baba wa mwisho wa mwezi.

Mama yake Sindano alianguka kwenye ngazi ya bafuni akavunjika nyonga. Kaka mkubwa akatuma pole kwenye simu, yenye vile vipicha vya mikono iliyounganishwa. Sindano yeye alifunga begi. Alisema anakwenda wiki mbili tu, lakini wiki mbili hizo zikazaa nyingine, maana mtu anayejifunza kutembea upya haachwi na vipicha vya simu. Nyonga ikitibiwa inataka daktari wa mazoezi, na daktari wa mazoezi hafanyi kazi ya sadaka. Nusu ya mshahara isingetosha. Hapo ndipo Sindano alipomwonyesha mama picha ya ukuta wa chumba chake cha jijini.

"Mama, nishonee pazia rangi hii hii."

"La nini?"

"La kazi."

Mama hakuuliza zaidi. Alifurahi, jamani! Tangu aanguke alikuwa hajashona kitu kwa moyo. Aliagiza kitambaa, akakirudisha, akaagiza kingine, akaweka bitana lisiangaze, akashonea uzito chini lisipepee. Wateja wakiuliza akawaambia, huku anajifanya hajali, kwamba ni pazia la kazi ya mwanawe, kazi ya kompyuta, nyinyi hamwezi kuelewa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Sindano ilijivuta kidogo, mpaka asubuhi moja ya kawaida kabisa. Alikuwa anaeleza hitilafu aliyoigundua: programu ilihesabu chupa za dawa mara mbili kila zilipohamishwa kutoka rafu moja kwenda nyingine. Alikuwa amechangamka, mikono inaruka. Ghafla uso wa Mtani ukaganda, ukapotea. Ukafuata mwingine, na mwingine. Watu wote wa jiji kuu wakafutika kwenye kioo.

Akabaki yeye na Meneja. Meneja naye ni mtoto wa huku huku. Alianza kazi jijini pamoja nao, kisha akahamia ng'ambo akapanda cheo.

"Wamekwenda wapi hawa?" Meneja akashangaa, akatazama simu yake. "Ah. Wananiandikia umeme umekatika jiji zima. Dada, kwako upo?"

Laiti angenyamaza! Lakini akili yake yote ilikuwa kwenye chupa za dawa.

"Upo, haujayumba hata kidogo," akajibu, tena kwa fahari. "Tuendelee."

Meneja hakuendelea. Nyuma ya pazia cherehani ya mama, ile ya umeme, ikanguruma mshono mrefu kuanzia bega mpaka pindo, na mara hii Sindano hakuweza kusingizia cherehani ya jirani kama alivyozoea, maana jijini hakukuwa na umeme wa kuiendesha.

"Haujayumba," Meneja akarudia polepole.

Mchana alimpigia peke yake. Si mtu mbaya, nisimsingizie, ila ni mtu wa kufuata utaratibu mpaka unatamani kumwaga chai juu ya utaratibu wenyewe. Alimwambia angeweza kumshtaki kwa udanganyifu, lakini kwa kuwa anamheshimu, anampa wiki moja achague: arudi jijini, au abaki alipo na alipwe mshahara wa Kwingineko.

"Nielewe, dada yangu. Mshahara unafuata mahali. Huko kodi ya nyumba ni ndogo, chakula rahisi. Na wengine hapo hulipwa kidogo. Sisi hatujabuni, soko ndilo linalosema."

"Soko," Sindano akasema.

"Soko," Meneja akathibitisha.

Mama alikuwa amezima cherehani. Alisikia kila neno, maana pazia huzuia macho tu. Alipita upande wa pili kwa fimbo yake, akasimama mbele ya kamera iliyokwisha zimwa, akaligeukia pazia na kulitazama kama wenzake Sindano walivyokuwa wakilitazama.

"Kumbe ndiyo kazi yake," akasema. "Nilishona pazia la kunificha mimi."

"Mama, si wewe niliyekuficha. Nilificha mji."

"Mimi sipo mjini humu? Nimekaa huko nyuma miezi yote hii nikishusha sauti ya redio ili usisumbuliwe. Nikasema mwanangu ana kazi kubwa. Kumbe mwanangu ananionea haya."

Sindano alilia. Hakulia kwa siri wala kwa adabu, alilia kwa kamasi, na mama hakumbembeleza. Alimwacha amalize, kisha akatoa hukumu yake.

"Rudi jijini. Mimi natembea sasa."

"Unatembea mpaka mlangoni."

"Inatosha. Vitu vyangu vyote viko kabla ya mlango."

"Sirudi, mama. Na huo mshahara wa Kwingineko siutaki."

"Basi utakula nini, maswali yako?"

Wakalala hawasemeshani, na nyumba ndogo yenye wanawake wawili waliokasirika ni nyumba ndogo sana.

Kesho yake akaja mteja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tumbo mbele na gari lake likinguruma nje. Anataka koti la kuozeshea binti yake. Mama akampima, akamtajia bei, na Sindano mezani kwake akashtuka mpaka kiti kikalia. Mteja akaguna, akazunguka chumba, akakubali. Hakupita muda akaja mwalimu wa shule ya jirani, koti lile lile, kitambaa kile kile, na mama akamtajia bei isiyofika nusu ya ile.

Mwalimu alipotoka Sindano alisahau kwamba wamenuniana.

"Mama! Huo si uungwana. Koti moja, bei mbili?"

"Kumbe unaongea?"

"Nakuuliza kwa nini."

"Ndiyo, nilijua linakuja." Mama akatoa pini midomoni. "Huyu mwenye duka nisipomshonea mimi ataendesha gari mpaka jijini, apimwe, arudi, aende tena kujaribisha. Namtoza chini kidogo ya usumbufu huo, basi anashukuru. Mwalimu nisipomshonea atavaa lile lake la zamani, nami nitabaki na hewa. Kila mtu namwangalia atakwenda wapi akinikosa."

"Huangalii anakula nini? Anapanga wapi?"

"Nitajulia wapi anachokula? Mimi mpishi wake?"

"Na wakikataa wote?"

"Wakatae waende wapi? Fundi wa makoti mji huu ni nani mwingine?" Mama akarudisha pini midomoni na mazungumzo yakaishia hapo, kwani alikuwa bado amenuna.

Bei zile Sindano hakuzipenda, na mpaka leo hazipendi. Lakini swali la mama lilimganda. Atakwenda wapi akinikosa? Akaligeuza upande wa pili. Kampuni nayo ilimwangalia yeye kwa jicho lile lile. Hadithi ya kodi na chakula ilikuwa bitana tu. Chini yake palikuwa na hesabu moja: jijini kampuni nyingine zitamnyakua tukimlipa kidogo, ila akiwa Kwingineko atakwenda wapi? Walimpimia koti la mwalimu. Lakini mwalimu hana gari, na Sindano alikuwa na waya wa intaneti. Waya ule uliomleta Meneja ndani ya chumba cha mama yake ungeweza kumleta bosi mwingine yeyote.

Akapiga moyo konde. Wiki ile aliitumia vizuri. Aliandikia kampuni mbili zilizowahi kumtafuta naye akazipuuza kwa uvivu. Moja ilimtaka ahamie ng'ambo, akasema asanteni. Ya pili ilimpa mtihani mgumu, akaufanya mama akimpikia uji kimya kimya, na walipomjibu walisema wao hulipa kazi, si ramani. Dau lao lilipungua kidogo tu chini ya mshahara wake wa jijini. Sasa alikuwa na pa kwenda.

Siku ya kujibu ilipofika alipanda juu ya kiti, akafungua waya, akalishusha pazia pamoja na saa na ua lake. Mama akatoa macho.

"Unafanya nini? Wataniona!"

"Ndiyo."

"Sijachana nywele!"

"Chana basi, una dakika tatu."

Meneja alipotokea kwenye kioo alikuta chumba asichokijua: makoti yasiyo na mikono, pasi inayofuka mvuke, na mama mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni aliyemwinamia kichwa kwa heshima. Naye, mtoto wa huku, akajikuta ameketi wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Endeleeni, mimi sipo."

Sindano hakuzunguka mbuyu. "Bosi, kwanza naomba radhi. Nilidanganya, na hilo ni kosa langu peke yangu. Halitarudi. Sasa tuongee kazi. Tangu nihamie huku, kuna kitu nimekifanya vibaya zaidi?"

"Hapana. Mwaka huu ndio umefanya vizuri zaidi. Lakini si suala la..."

"Wewe ulipohamia ng'ambo mshahara ulipanda?"

Meneja akakohoa. "Ulipanda. Mara nne hivi."

"Ubongo ulikua ndani ya ndege?"

Huko nyuma pini zilimwanguka mtu.

"Dada, huku kodi ya nyumba..."

"Kwa hiyo kampuni inakulipia nyumba. Sawa. Na hospitali za Kwingineko zinanunua programu yetu kwa bei ndogo kuliko za jijini?"

"Bei ni moja."

"Basi kodi na chakula tuviweke kando. Ulisema soko ndilo linalosema. Waandishi wa programu katika mji huu mliwapima wangapi, mkajua soko lao?"

Meneja akafungua kitu kwenye kompyuta yake, macho yakapanda na kushuka. "Hapo kwenu... hakuna takwimu. Kwingineko yote tuliweka makadirio."

"Ungeniuliza ningekwambia. Soko la hapa ni mimi peke yangu. Mji mzima hakuna mwingine, zunguka utafute. Mlikadiria kwamba sina pa kwenda. Ninapo, na wamenipa mpaka Ijumaa. Napenda kazi hii, niliijenga kwa mikono yangu, na sitaki kuiacha. Lakini kwa nusu mshahara naiacha, na sitarudi jijini."

Meneja akasema atapeleka jambo hili kwa wakubwa, akamuaga, akaagana na mama pia.

Siku zilizofuata Sindano hakula vizuri. Aliogopa, na alimwambia mama yake kwamba anaogopa. Mama akamjibu kwamba mcheza kwao hutuzwa, kisha akafikiri kidogo akaongeza kwamba waliosema hivyo labda hawakuwa na meneja. Wakacheka, na kwa kicheko hicho ununaji ukaisha bila mtu kuomba msamaha.

Alhamisi Meneja akapiga simu. Wakubwa wamekubali: mshahara wake wa jiji kuu haupungui hata senti, akae popote. Sindano akafumba macho akamshukuru Mungu.

"Ila jambo moja," Meneja akasema. "Hili ni lako wewe peke yako. Usiwaambie wenzako, hasa Mtani. Tukimfungulia mmoja wote watataka. Tumeelewana?"

Kichwa chake kilielewa. Mdomo ndio uliokataa kusema ndiyo. Alisema tu, "Nimekusikia," na kukata simu. Akaketi akilitazama pazia lililokunjwa juu ya rundo la makoti. Kunyamaza kungekuwa rahisi kuliko pazia, kusingehitaji hata waya. Kila asubuhi angekaa mbele ya Mtani, akimsikiliza anavyochekesha watu kuhusu watoto wake wanaomwita mgeni, huku yeye anajua mlango uko wapi na ameuegemea.

"Mama, nikiharibu kila kitu kesho utasemaje?"

"Nitasema umerithi kwangu." Mama hakuinua macho kwenye mshono. "Kuhusu nini?"

Akamweleza. Mama akashona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Umeshanishonesha pazia moja," akasema. "Jingine sishoni."

Asubuhi, nyuso zote zikiwa kwenye visanduku vyake, Sindano aliomba dakika moja kabla ya hitilafu na ratiba. Akawaambia wazi: mimi naishi kwa mama yangu, siko jijini, tangu mwaka jana. Niliwadanganya kwa pazia, nisameheni. Nimeomba nilipwe kazi yangu bila kujali nilipo, na kampuni imekubali. Imeniomba nisiwaambie, nami sikuahidi. Mtani, nakwambia wewe kwanza.

Meneja alifunika uso kwa kiganja. Mtani, mtu asiyepitwa na utani, alikosa utani.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Kwa hiyo mtu anaweza kurudi kwake," Mtani akasema, na akageuza uso pembeni, na watu wazima wote kwenye visanduku wakajifanya wanasoma.

Simu ya Meneja ililia kabla Sindano hajainuka kitini. Akafoka, akasema amemvunjia heshima, akasema wakubwa wamekasirika. Sindano akasubiri afike mwisho.

"Nifukuze basi, bosi. Ila sababu uitaje asubuhi, mbele yao."

Hakufukuzwa. Mtani aliandika ombi lake siku ile ile, na wengine wawili nyuma yake; wakubwa wakavutana wee, wakashikilia jedwali lao la kanda, kisha wakaliachia kidogo kidogo. Mtani alikuwa wa kwanza kuhama. Siku aliyotokea kwenye kioo akiwa nyumbani kwake, mtoto alipita nyuma yake na ndoo kichwani kama kofia, wala hakuna aliyeuliza.

Jioni ya siku ile ya fujo, Sindano alirudi kutoka dukani akakuta mama amelikata pazia. Mkasi ulikuwa umeshalipitia, bitana upande huu, uzito upande ule, na sketi ya kijivu yenye mifuko ilikuwa tayari imepigwa bandi, ile mishono mirefu ya kujaribia. Kitambaa kizuri hiki, mama alisema, hakiwezi kulala, jaribu kiuno. Sindano akavaa juu ya suruali, akazunguka. Ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Akamkumbatia mama yake, na mama akamvumilia, fimbo mkono mmoja na pini mkono wa pili.

"Asante, mama."

"Asante baadaye," mama akasema, akamtajia bei. Ilikuwa ile ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na juu yake kidogo.

"Mama! Mimi mwanao! Naishi humu humu!"

"Umepigana ulipwe kama mtu wa mjini," mama akasema, akinyoosha kiganja. "Lipa kama mtu wa mjini."